Kifuniko

Januari, Rustaq, alfajiri ya Ijumaa.
Mfereji unafuka
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Bi Thuwaiba anashuka ngazi kwa ngazi,
mkono mmoja ukutani, mmoja begani pangu,
na kila ngazi anaipa jina:
hii ya goti,
hii ya nyonga,
hii ya mwanangu Yaarub, aliyeninunulia simu ya bei ghali
na hanipigii.

Chumba cha wanawake kitupu. Namvua soksi.
Vidole vyake vimepandana
kama watoto waliolazwa kitanda kimoja.
Anautia unyayo majini, anautoa, anautia tena.
"Toba yarabi! Yanachoma kama maneno ya mkwe wangu."
Kisha anacheka, maana methali anaijua
na anajua kwamba naijua:
maji ya moto hayachomi nyumba.
"Lakini miguu je? Waliotunga hawakusema lolote juu ya miguu."

Kiswahili chake ni cha Ng'ambo, Unguja.
Aliondoka nacho akiwa na miaka kumi na mmoja
na kimebaki na umri ule ule, kinaruka kamba.
Changu ni cha darasani na cha soko la mbuzi.
"Wewe ukisema," huniambia, "mie nasikia kwato."

Leo anauliza nani anayachemsha haya huko chini.
Sijui, Bibi.
Ila kwetu, Suswa, mlima wenyewe una pumzi.
Hakuna mto. Kisima hakuna.
Kuna nyufa kwenye mawe, na asubuhi ya baridi
mlima unafuka huku na kule
kama boma ambalo kila mke amewasha moto wake.
Wageni hulipa getini waje kuona.
Hunyoosha viganja juu ya ufa, hupiga ukelele, hupiga picha,
huenda.
Sisi tulichomeka bomba.
Baba alililaza mshazari, akaziba kingo kwa udongo na nyasi,
na mvuke ukaingia ukiwa hewa
ukatoka ukiwa tone,
tone,
na chini yake pipa la bluu.
Mimi nilikuwa askari wa pipa, fimbo mkononi,
dhidi ya nyani na dhidi ya binamu zangu.
Usiku mzima, ndoo moja na nusu.

"Mnakunywa moshi?"
"Tunakunywa moshi, Bibi."
"Mwongo wee!"

Basi nachukua kifuniko cha chupa ya kahawa,
bati tupu, bado lina baridi ya safari,
nakiinamisha juu ya mfereji. Tunangoja.
Kwanza bati linapata ukungu, kama jicho la mzee.
Halafu shanga ndogo ndogo.
Halafu shanga mbili zinagusana, zinakuwa moja, zinateremka.
Nje, Mirdad dereva anapiga honi ya kwanza.
Bi Thuwaiba hasikii. Miguu ameisahau majini,
imekuwa myekundu kama ya mtoto mchanga.
Anatoa ulimi.
Namdondoshea matone matatu.

Amefumba macho, anapima,
kama mtu aliyeletewa mchuzi wa harusi ya jirani.
"Hamna kitu," anasema.
"Hamna chumvi, hamna ladha, hata joto hamna."
"Ndiyo, Bibi.
Hicho ndicho nilichokuwa nakilinda kwa fimbo."

Honi ya pili.
Namfuta miguu, kidole baada ya kidole.
Ananionya nisithubutu kumwambia mkwe
kwamba leo ameonja kitu kabla ya dawa.
Anatangulia, anazihesabu ngazi upya,
na ile ya Yaarub anaipita bila kuitaja.

Mimi nimebaki kufunga kikapu.
Kifunikoni kuna tone moja.
Nalilamba upesi, kama mwizi.
Lina iliki.